Siku mbili mbele ya picha za Charlotte Salomon

Mara ya kwanza nilitoka mle ndani nimemshika mwanangu mkono, natembea mbio kama mtu anayekimbia mvua, na nusu ya picha sikuziona. Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikakaa tangu mlango unafunguliwa hadi karibu na kufungwa. Kati ya siku hizo mbili zilipita wiki sita ambazo sikulala vizuri. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa kwetu anayeishi huku Ulaya, au anayekuja kutembea, ambaye siku moja ataambiwa "twende tukaone picha" na akadhani ni matembezi ya kumaliza mchana wa Jumapili.

Ilikuwa Januari 2018. Nilikuwa naishi Almere, mji ulio karibu na Amsterdam, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Shoga yangu wa Mombasa, tuliyekuwa tukipokezana zamu, aliniambia kuwa Amsterdam kuna maonyesho ya binti wa Kiyahudi aliyechora maisha yake yote, picha baada ya picha, na maneno yameandikwa humohumo kwenye picha. "Mpeleke mtoto," akaniambia, "atazipenda zile rangi." Yeye mwenyewe alikuwa hajaenda. Mimi nami sikuuliza zaidi, sikusoma hata mstari mmoja kuhusu huyo binti. Nilikuwa na zamu ya usiku siku hiyohiyo, nikapiga hesabu kwamba tutaingia, tutazunguka, tutakula, mtoto nitamwacha kwa jirani, mimi nitaelekea kazini.

Makumbusho yenyewe wakati ule yaliitwa Joods Historisch Museum, yaani makumbusho ya historia ya Wayahudi, siku hizi ni Joods Museum. Ukishuka metro Waterlooplein umeshafika, ni hatua chache tu. Yamo ndani ya masinagogi manne ya zamani yaliyounganishwa kuwa nyumba moja, na ng'ambo ya barabara liko sinagogi kubwa la Wayahudi wa asili ya Kireno, lililojengwa mwaka 1675 na hadi leo humulikwa kwa mishumaa. Mtaa ule ulikuwa wa Wayahudi. Zaidi ya Wayahudi 100,000 wa Uholanzi waliuawa na Manazi, ndiyo maana masinagogi yale yalibaki bila watu wa kuyajaza. Mimi nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda sokoni, na sikuwahi kujua.

Mlangoni kuna ukaguzi. Mifuko inapekuliwa, na walinzi wako makini kweli. Usikasirike ukadhani ni kwa ajili ya rangi yako, kila mtu anapekuliwa. Koti na mkoba mkubwa unaviacha kwenye kabati. Nilikuwa nimebeba chapati na chupa ya chai ya mtoto, vyote vikabaki kabatini, na mgahawa wa ndani wakati ule uliuza chakula cha kosher, yaani kilichotayarishwa kwa sheria ya dini yao. Kwa tiketi, nauli ya treni ya watu wawili na chakula, siku ile nilitumia zaidi ya euro 50. Baadaye ndipo nikajua kuhusu kadi ya mwaka, Museumkaart, ambayo wakati ule ilikuwa euro 60 na ushee na inakuingiza makumbusho zaidi ya 400 Uholanzi nzima. Ningekuwa nayo, nisingekuwa na ile haraka ya kutaka kuona kila kitu siku moja kwa kuwa nimeshalipa.

Tuliingia saa nane na nusu mchana. Wanafunga saa kumi na moja.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana mimi sikuipiga. Kazi ya Charlotte Salomon, aliyoipa jina la Kijerumani lenye maana ya "Maisha? Au Mchezo wa Kuigiza?", ina karatasi 769 alizozipanga kwa namba. Kila moja ni kubwa kidogo kuliko A4. Ukiitazama kila karatasi kwa sekunde 10 tu, bila kupepesa na bila kukaa chini, zinakwisha baada ya zaidi ya saa 2. Na hakuna mtu anayeweza kuitazama karatasi ile kwa sekunde 10, kwa sababu maneno nayo yamechorwa, herufi kubwa za brashi zinazopita kati ya watu, juu ya vichwa vyao, pembeni mwa vitanda. Mwanzoni mwa kazi, maneno yako kwenye karatasi nyembamba inayopitisha nuru, iliyolazwa juu ya picha. Kadiri unavyosonga mbele maneno yanahamia kwenye picha yenyewe. Na pamoja na maneno aliagiza na muziki, hapa uimbe kwa tuni ya Bach, pale tuni ya Bizet. Mimi mtu wa Tanga nilichokiona pale ni kanga. Kwetu huwezi kuisifia kanga kwa rangi zake ukaliacha jina lake, vyote viwili ni nguo moja. Ukipita mbele ya kazi hii ukaangalia rangi tu, umeona nusu ya kanga.

Rangi zenyewe ni tatu, nyekundu, njano na buluu, za maji lakini nzito, na ndizo anazozichanganya hadi anapata usiku wa Berlin na bahari ya kusini mwa Ufaransa.

Mwanangu alikuwa na miaka 8, na Kiholanzi anakisoma kuliko mimi. Maneno ya Charlotte ni ya Kijerumani, ila tafsiri ilikuwepo, akawa ananisomea. Tulikwenda hivyo, yeye akisoma, mimi nikisema "haya twende", mpaka tukafika kwa mama na binti kitandani. Mama anamsimulia mtoto juu ya mbinguni. Anamwambia huko kila kitu ni kizuri kuliko hapa duniani, na kwamba yeye akienda atakuwa malaika, atamletea barua, ataiweka dirishani, imweleze kukoje huko. Mtoto anafurahi. Halafu picha zinakuonyesha, wewe mtazamaji, kwamba yule mama amejitoa uhai. Halafu zinakuonyesha mtoto akiambiwa mama yake amekufa kwa mafua. Halafu mtoto anakwenda dirishani, tena na tena, kutazama kama barua imefika.

Mwanangu akasimama. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Mama, mbona wamemwambia ni mafua? Sisi tumeona si mafua."

Sikuwa na jibu. Nilihisi miguu imekuwa ya mtu mwingine.

Lazima nieleze kwa nini. Nilipokuwa na miaka 9, pale kwetu Muheza, mama yangu mdogo alifariki. Alikuwa akiishi nasi, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili. Tuliambiwa malaria ilimpanda kichwani. Nikakua na hiyo malaria. Kila nilipopata homa nilijua nakufa. Kwenye arobaini ya bibi, mimi mtu mzima wa miaka 30, mjomba alinivuta kando nyuma ya jiko akaniambia maneno machache tu: mama yako mdogo hakuugua, mama yako mdogo alijiua, na usimwambie mama yako kwamba nimekwambia. Nikalibeba. Sikumwambia mama, sikumwambia mume wangu, nikarudi Ulaya nikaendelea na kazi. Mama alikuwa na kanga aliyoipenda sana, jina lake "Siri ya mtungi aijuaye kata". Tangu siku ile kila nikimwona nayo kwenye simu nilikuwa naangalia pembeni.

Basi ndivyo nilivyosimama mbele ya ile picha. Mhudumu mmoja wa makumbusho aliona uso wangu, hakuniuliza kitu, akatuonyesha njia ya kwenda sehemu ya watoto. Mle ndani wamepanga kama nyumba ya familia ya Kiyahudi, mtoto anapita chumba hadi chumba akijifunza desturi zao. Mwanangu akacheza, mimi nikakaa kwenye kiti kidogo nikalia. Kama unakwenda na mtoto wa umri huo, anzia huko. Kazi ya Charlotte si ya kumfichia mtoto milele, lakini itangulie wewe kwanza, ujue utamwambia nini akiuliza, maana atauliza.

Usiku ule nilikwenda zamu. Ndilo kosa ninalolijutia zaidi kuliko yote, kwa sababu lingeweza kumdhuru mtu. Dawa za mzee wangu za saa mbili nilizikumbuka saa nne. Nilimweleza muuguzi wa zamu papo hapo, na mzee hakupata shida, lakini nilitetemeka hadi asubuhi. Siku ya kwenda kuona kitu kama hiki usijipangie kazi baada yake. Panga kulala.

Katika zile wiki sita nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikasoma. Makumbusho yameiweka kazi yote kwenye tovuti yao, kila karatasi, bure, pamoja na tafsiri. Nikawa naangalia karatasi chache kila usiku kwenye simu. Na niliwapigia simu 113, shirika la hapa Uholanzi linalowasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua na ndugu waliofiwa kwa namna hiyo. Sikuwa na mawazo hayo, nilisema hivyo tangu mwanzo wa simu, nikaogopa wataniona napoteza muda wao. Hawakuniona hivyo. Kama wewe nawe unabeba kifo cha aina hii katika ukoo wako, jua kwamba maonyesho haya yatakigusa, na uwe na mtu wa kuzungumza naye kabla hujaingia. Asiwe lazima mume au mke. Awe tu mtu atakayepokea simu.

Nilijifunza kwamba mama yake Charlotte alifariki mwaka 1926, binti akiwa na miaka 8. Kabla ya mama, mdogo wake mama alikuwa ametangulia kwa njia hiyohiyo mwaka 1913, naye ndiye Charlotte aliyepewa jina lake. Fikiria, unaitwa jina la marehemu usiyeambiwa alikufaje. Alilelewa Berlin na baba yake daktari na mama wa kambo mwimbaji aliyempenda mno. Akaingia chuo cha sanaa cha Berlin wakati ambapo Wayahudi walikuwa wakifukuzwa kila mahali. Novemba 1938, baada ya usiku ule ambao Manazi walichoma masinagogi Ujerumani nzima, baba yake alifungwa kambi ya Sachsenhausen. Alipoachiwa, walimsafirisha binti yao kwa babu na bibi, Villefranche kusini mwa Ufaransa. Na huko mwaka 1940 bibi naye akajiua. Hapo ndipo babu alipomwaga yote: mama, mama mdogo, na wengine wa ukoo. Charlotte alikuwa na miaka 22, karibu 23. Miezi michache baadaye yeye na babu wakafungwa kambi ya Gurs, karibu na milima ya Pyrenees. Walipotoka, daktari mmoja wa Villefranche alimshauri achore. Akachora.

Mara ya pili nilikwenda mwanzoni mwa Machi. Ilikuwa wiki ile ya baridi kali ambayo mifereji ya Amsterdam iliganda, watu wakateleza juu ya barafu wakicheka. Nilifika saa tano asubuhi, saa waliyokuwa wakifungua wakati ule, siku ya kazi. Tofauti na Jumapili ni kubwa, kuna kuta nilisimama nazo peke yangu hata robo saa. Nilikuwa nimekula, nimevaa viatu laini, nimebeba kalamu ya risasi na daftari dogo. Ukumbi una mwanga hafifu kwa sababu karatasi na rangi zile hufifia zikimulikwa, kwa hiyo kama unatumia miwani ya kusomea usiiache kwenye mkoba kabatini. Nililazimika kurudi kuichukua.

Safari hii niliamua sitaona yote. Nilipita sehemu ya kati haraka. Ni simulizi ndefu ya mwalimu wa kuimba ambaye Charlotte alimpenda, uso wake umerudiwa karatasi baada ya karatasi, mahali pengine uso mmoja mara nyingi kwenye karatasi moja, na maneno yake hayaishi. Wapo wanaosema ndiyo moyo wa kazi nzima. Mimi nilichoka naye, nikaenda mwisho.

Mwisho ndiko ambako mkono wake unabadilika. Karatasi za utotoni zina vyumba, mazulia, watu wadogo waliopangwa vizuri, siku nzima imeingia kwenye ukurasa mmoja. Karatasi za mwisho zimepigwa kwa brashi pana, haraka, mtu ni michoro mitano tu, kuna kurasa zimejaa maneno matupu yasiyo na picha. Alikuwa amejifungia kwenye chumba cha hoteli ndogo Saint-Jean-Cap-Ferrat, na alijua muda hautoshi. Karibu yangu watu wawili walikuwa wakinong'ona kwa huruma, "maskini, maskini". Nawaelewa. Lakini ukimtazama kama maskini tu, hutaona jinsi alivyokata maamuzi: wapi aache karatasi tupu, wapi herufi nyekundu ziingie katikati ya bahari. Yule ni fundi anayefanya kazi. Anza na ufundi, huzuni itakufikia yenyewe bila kuitwa.

Karatasi ya mwisho amejichora mwenyewe amepiga magoti mbele ya bahari, katupa mgongo, anachora. Mgongoni kwake yameandikwa maneno ya jina la kazi nzima. Mbele yake karatasi anayochora imekuwa kama dirisha, unaiona bahari kupitia kwake. Nilikaa kwenye benchi. Sikulia. Niliandika kwenye daftari: alikuwa na njia mbili, kuwafuata wenzake au kufanya jambo la ajabu mno, akachagua jambo la ajabu.

Hawakumwacha. Mwaka 1943 alimkabidhi yule daktari wa Villefranche kazi yote, akamwambia aitunze vizuri kwa kuwa ni maisha yake yote. Aliolewa mwezi Juni. Septemba wakakamatwa, yeye na mumewe, akiwa mjamzito. Oktoba aliuawa kwenye kambi ya Manazi ya Auschwitz. Alikuwa na miaka 26.

Baba yake na mama yake wa kambo walinusurika, wakiwa mafichoni hapahapa Uholanzi. Baada ya vita walikwenda Ufaransa, na mwaka 1947 wakakabidhiwa zile karatasi, ambazo mwaka 1971 walizitoa kwa makumbusho. Jambo hili ndilo lililonikaa kuliko yote. Baba yule alikuwa miongoni mwa waliojua siri. Alifungua furushi akakuta binti yake, ambaye hayupo tena, amechora kila kitu: dirisha, mafua, barua. Alipitia karatasi baada ya karatasi, na hakuna mtu wa kumwambia "nisamehe" wala wa kumwuliza "ulijua lini". Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu nikaona mama yangu ana miaka 64 na simu yake ina chaji.

Neno moja kwa atakayekwenda sasa. Maonyesho yale yalikwisha Machi 2018, na kazi yote kuwekwa ukutani kwa pamoja ni jambo la nadra, kwa sababu hiyohiyo ya mwanga. Kabla hujakata nauli angalia kwenye tovuti kama kuna sehemu yake inayoonyeshwa, na angalia pia sikukuu za Kiyahudi, kama Yom Kippur, siku yao ya toba, maana milango ya makumbusho hufungwa.

Jioni ile, nikiwa kwenye treni ya kurudi Almere, nilimpigia mama. Muheza ilikuwa imeshaingia usiku, nikamsikia anapunguza sauti ya redio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema? Mbona saa hizi?"

Nikamwambia nimetoka kuona picha. Nikamsimulia zote, kuanzia mwanzo, mama kitandani, mbinguni, malaika. Nikamsimulia mafua. Hapo nilinyamaza, naye akanyamaza, nikasikia kuku wa jirani wakihangaika bandani. Sikumtaja mjomba. Sikumtaja mtu yeyote wa kwetu.

"Na yule mtoto," mama akauliza baada ya muda mrefu, "ile barua aliipata?"

"Hakuipata, mama."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Mama yako mdogo," akasema, "siku ile alikuwa amekusuka nywele. Unakumbuka?"